Kumbh Mela: kwa nini mamilioni hugombea ufukwe mmoja na alfajiri moja

Kumbh Mela ni sherehe ya Wahindu ya kuoga katika mito mitakatifu. Ile ya Prayagraj, kaskazini mwa India, iliyoitwa Maha Kumbh, ilipomalizika tarehe 26 Februari 2025, serikali ya jimbo la Uttar Pradesh ilitangaza kwamba kwa siku 45 watu zaidi ya milioni 660 walikuwa wameoga pale mito inapokutana. Chukua wakazi wote wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo nzima, uwajumlishe: hufiki nusu ya hapo.

Hesabu hiyo ina walakini wake. Hakuna tiketi wala lango moja la kuingilia. Kuna kamera, kompyuta za kupima msongamano na makadirio ya maofisa. Mtu aliyepiga kambi mwezi mzima akaoga kila alfajiri si rahisi kumtenga na aliyekuja jana akaondoka leo. Mimi naichukua kama hesabu ya majosho kuliko hesabu ya vichwa. Lakini hata ukiikata nusu, kisha ukaikata nusu tena, bado hupati mkusanyiko mwingine wa binadamu unaoikaribia.

Picha zinazotufikia huku kwetu ni zile zile kila mara: watawa walio uchi, miili imepakwa majivu, nywele ndefu zimesokotana, wanakimbilia majini wakipiga kelele. Zinashangaza, ila hazielezi kitu. Swali lenye faida ni jingine. Mto Ganga una urefu wa kilomita 2,500 hivi, na mwaka una siku 365. Kwa nini umma wote huu unataka kipande kile kile cha ufukwe, siku ile ile, na ikiwezekana saa ile ile kabla ya jua kuchomoza? Ukishalijibu hilo, mengine yote, kuanzia mji wa mahema, ugomvi wa zamu za kuoga, hadi vifo vya kukanyagana, huanza kueleweka yenyewe.

Mahali penyewe

Prayagraj, ambayo hadi mwaka 2018 jina lake rasmi lilikuwa Allahabad, imekaa kwenye pembe ambapo Mto Yamuna unamwaga maji yake katika Ganga. Ganga huja na maji ya rangi ya udongo, si ya kina kirefu, yakienda mbio. Yamuna huja taratibu, ina kina, na rangi yake inaelekea kijani. Aliye ndani ya mashua huweza kuona kwa macho yake mstari pale maji hayo mawili yanapogusana. Wahindu wanasema uko na mto wa tatu, Saraswati, usioonekana, unaoungana nao kutoka chini. Makutano hayo ndiyo Sangam. Mfalme Akbar wa dola ya Mughal, ambaye hakuwa Mhindu, alitambua vizuri thamani ya pembe hiyo, akajenga ngome ukingoni mwaka 1583. Kuta zake zingali zinawatazama waogaji.

Katika imani ya Kihindu mahali kama hapa ni kivuko, pahali ambapo mtu anaweza kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Kujichovya Sangam huosha dhambi za maisha haya na za yaliyotangulia, na humsogeza mtu karibu na moksha, yaani kutoka kabisa katika mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Maji hayo ni matakatifu siku zote za mwaka. Nenda Juni, joto likiwa halivumiliki, utawakuta watu wanaoga. Kinachoongeza thawabu ni wakati.

Chungu kilichogombaniwa

Kisa chenyewe husimuliwa hivi. Miungu ilipungukiwa nguvu, ikapatana na mahasimu wao, asura, kwamba waipekeche bahari ya maziwa ili watoe amrita, kinywaji ambacho akinywacho hafi. Mlima Mandara ukawa upekecho, joka Vasuki likawa kamba. Asura wakashika upande wa kichwa, miungu upande wa mkia, wakavutana huku na huku. Kwanza ikatoka sumu kali, Shiva akaimeza kuinusuru dunia, ikamkwama kooni na koo likawa la buluu. Vikafuata vitu vingi vya thamani, na mwisho akaibuka Dhanvantari, tabibu wa miungu, na chungu cha amrita mkononi. Chungu kwa Kisanskriti ni kumbha. Kikagombaniwa siku 12, na siku moja ya miungu ni mwaka mmoja wetu. Katika purukushani hiyo yakadondoka matone duniani mahali pane: Prayag (ndiyo Prayagraj ya leo), Haridwar, Nashik na Ujjain.

Wanahistoria wana neno hapa. Habari ya kupekecha bahari imo kweli katika maandiko ya kale, lakini ile sehemu ya matone kudondoka kwenye miji minne haionekani humo. Inaelekea iliunganishwa baadaye. Kilicho cha kale bila ubishi ni desturi ya kuoga Prayag katika mwezi wa Magha, unaoangukia Januari na Februari. Katika karne ya 7 mtawa wa Kibudha kutoka Uchina, Xuanzang, alieleza jinsi Mfalme Harsha alivyokuwa akigawa hazina yake hapo kwenye makutano kila baada ya miaka mitano, mbele ya umati mkubwa. Jina la Kumbh kwa mkutano wa Prayag, hata hivyo, linaanza kuonekana wazi kwenye kumbukumbu za karne ya 19. Haridwar ndiyo yenye jina hilo tangu zamani zaidi, na sababu yake iko angani.

Sioni kama utafiti huo unampunguzia mwumini kitu. Bibi aliyesafiri siku mbili kwa treni kutoka Bihar hakuja kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa mahali; alikuja kwa sababu mama mkwe wake alikuja.

Mshtarii, jua na mwezi

Wengi hupotelea hapa, na hata magazeti hukoroga mambo. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua, kwa hiyo hukaa kama mwaka mmoja katika kila buruji. Kwa Wahindu sayari hiyo ni Brihaspati, mwalimu wa miungu, na ndiyo inayoamua mji gani una zamu. Mshtarii ikiwa katika Thauri na jua likaingia Jadi, zamu ni ya Prayagraj. Ikiwa katika Dalu na jua liko Hamali, zamu ni ya Haridwar. Ikiingia Asadi, buruji ya Simba, zamu ni ya Nashik na Ujjain, na ndiyo maana miji hiyo miwili huuita mkutano wao Simhastha. Hiyo Dalu, kwa Kisanskriti, huitwa Kumbha, ile ile ya chungu. Ndiyo sababu watafiti wengi wanaona kwamba jina lilianzia Haridwar, kisha miji mingine ikalichukua.

Anayefuata nyota zake gazetini atauliza: jua si huingia Jadi mnamo Desemba 22? Kwa hesabu ya Magharibi, ndiyo. Wanajimu wa Kihindu wanapima kwa mahali nyota zenyewe zilipo, na kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole karne kwa karne, hesabu hizo mbili zimeachana kwa zaidi ya siku 20. Kwao jua huingia Jadi tarehe 14 Januari, sikukuu ya Makar Sankranti.

Mshtarii inachagua mwaka, jua linachagua mwezi, na mwezi wa angani unachagua siku. Ndani ya majuma hayo sita ya 2025 zilikuwapo siku kuu sita za kuoga, nazo hazikulingana uzito. Nzito kuliko zote ni Mauni Amavasya, siku ambayo mwezi umo gizani na uko katika buruji moja na jua, wote wawili Jadi. Waumini wengi hukaa kimya siku hiyo, hawasemi mpaka waoge. Mwaka 2025 iliangukia tarehe 29 Januari. Ishike tarehe hiyo.

Sasa kuhusu ile miaka 12. Mzunguko wa Mshtarii kwa hakika ni miaka 11 na miezi 10 hivi, kwa hiyo baada ya mizunguko kadhaa hesabu hupishana na kalenda na mwaka mmoja hurukwa. Haridwar ilifanya Kumbh mwaka 2010, na iliyofuata ikawa 2021, miaka 11 tu baadaye. Kwa bahati mbaya, Aprili ya 2021 ndipo wimbi la pili la korona lilipokuwa linaisomba India. Sherehe ikafupishwa, lakini mamilioni walikuwa wameshaoga.

Majina nayo yamebadilishwa katikati ya safari. Kila mwaka Prayagraj ina Magh Mela. Kila baada ya miaka sita, Prayagraj na Haridwar zina Ardh Kumbh, yaani nusu. Kila baada ya miaka 12, Kumbh kamili. Mwaka 2017 serikali ya Uttar Pradesh iliamua kwamba ile nusu iitwe Kumbh, na ile kamili iitwe Maha Kumbh, Kumbh kuu. Kwa hiyo sherehe ya 2019 iliyotangazwa dunia nzima kuwa Kumbh ilikuwa, kwa hesabu ya wazee, nusu tu. Kisha ya 2025 ikanadiwa kuwa ni ya mara moja kwa miaka 144, yaani 12 mara 12. Hesabu tamu masikioni. Ila ya mwaka 2001 nayo ilinadiwa hivyo hivyo, na mizunguko 12 ya Mshtarii inatoa miaka 142 na ushei, si 144. Ungeweza kucheka ukapita, kama isingekuwa na matokeo: mwambie mtu mwenye imani kwamba yeye, wanawe na wajukuu zake hawataona tena siku kama hii, naye atapanda treni hata kwa kupitia dirishani. Ndivyo ilivyokuwa.

Nani aoge kwanza

Mahujaji wa kawaida ndio wengi kupita kiasi, lakini wenye sherehe, kwa itifaki, ni watawa. Wamegawanyika katika akhara, yaani vyama vya watawa, 13 zinazotambuliwa: saba za wafuasi wa Shiva, tatu za wafuasi wa Vishnu, na tatu zenye mizizi katika mafundisho ya Usikh. Kubwa kuliko zote ni Juna. Ndani yao wamo Naga, wale wa majivu. Kuwa Naga ni jambo la miaka ya utumishi chini ya mwalimu, na hitimisho lake hufanyika kwenye Kumbh: mtu hunyolewa, huoga, kisha hujifanyia mwenyewe ibada ya mazishi ambayo kwa kawaida mtoto humfanyia mzazi aliyefariki. Tangu hapo, kwa familia yake na kwa sheria za dini, ameshakufa. Uchi wake unatokana na hapo. Maiti hana mali wala aibu.

Zamani hizo akhara zilikuwa na mikuki, panga na askari wa kukodishwa, na swali la nani atangulie majini liliamuliwa kwa damu. Mwaka 1760 kule Haridwar watawa wa Shiva na wa Vishnu walipigana vita kamili. Waingereza walipotawala wakaweka ratiba ya zamu, nayo, ikirekebishwa hapa na pale, ndiyo inayofuatwa mpaka leo: akhara fulani inatoka kambini saa fulani, inapewa dakika kadhaa majini, inarudi kwa njia nyingine isikutane na inayokuja. Kule Nashik suluhisho lilikuwa kuwatenganisha kabisa: wa Vishnu wanaogea Nashik mjini, kwenye Ramkund, na wa Shiva wanaogea Trimbak, chanzo cha Mto Godavari, mwendo wa kilomita 30 hivi.

Msafara huo wa watawa, wenye viti vya fedha, matrekta yaliyopambwa maua, farasi na ngoma, ulikuwa ukiitwa josho la kifalme, shahi snan. Mwaka 2025 ukapewa jina la amrit snan, josho la amrita, kwa hoja kwamba shahi ni neno la enzi za Mughal. Mwaka 2019 msafara wa Juna ulikuwa umeshaongezeka watu wapya: Kinnar Akhara, ya hijra (watu wa jinsia ya tatu, kama wanavyohesabiwa India) na watu waliobadili jinsia, ambayo ilianzishwa 2015 na kukataliwa na wengi kabla ya Juna kuipokea ubavuni mwake.

Mimi wanaonivutia zaidi ni watu wasiopigwa picha: kalpavasi. Hawa huja mwanzoni, siku ya mwezi mpevu iitwayo Paush Purnima, na kukaa mwezi mzima hadi mwezi mpevu unaofuata, Maghi Purnima. Wengi ni wazee wa vijijini, mume na mke. Wanalala chini juu ya majani makavu, wanakula mlo mmoja kwa siku waliojipikia wenyewe, wanaoga alfajiri kwenye baridi ambayo hushuka hata chini ya nyuzijoto 10, na mlangoni mwa hema wanapanda shayiri na mche wa tulsi, mrehani mtakatifu. Jioni wanasikiliza mahubiri. Nadhiri yao ni kurudia hivyo miaka 12 mfululizo. Kwa kalpavasi Kumbh si tukio. Ni Magh Mela yenye majirani wengi kupita kawaida.

Mji juu ya mchanga

Hema la kalpavasi limesimama mahali ambapo miezi minne iliyopita palikuwa na maji. Masika ya India huifurisha Ganga mpaka ikafunika bonde lote, na maji hurudi nyuma Septemba na Oktoba, yakiacha uwanda wa mchanga na tope. Mamlaka haina zaidi ya miezi mitatu ya kujenga mji hapo, na haiwezi kuchora ramani mapema, kwa sababu kila mwaka mto huhama kidogo na hakuna ajuaye ufukwe utaangukia wapi.

Kwa 2025 uwanja ulikuwa wa hekta 4,000 hivi, umegawanywa sekta 25, ukatangazwa kuwa wilaya ya muda, ya 76 katika jimbo, yenye mkuu wake, polisi wake na hospitali zake. Barabara ni bamba za chuma zilizolazwa juu ya mchanga ili magurudumu yasizame. Madaraja 30 yalikuwa ya kuelea, mapipa makubwa ya chuma yaliyofungwa pamoja na kupandishiwa njia. Vyoo vilikuwa kama 150,000. Sherehe ikiisha, vyote hung'olewa kabla mto haujarudi kudai mahali pake.

Katika mji kama huo, ambao mahema yake yote yanafanana, mtu asiyejua kusoma atajuaje kwake? Kwa bendera. Makuhani wa Prayag, wanaoitwa Pragwal, huinua kila mmoja bendera yake juu ya mwanzi mrefu: huyu samaki, yule chungu, mwingine alama aliyoirithi kwa babu. Mwanakijiji hufundishwa alama ya kuhani wa ukoo wake na huitafuta angani. Akifika, kuhani humwuliza kijiji na ukoo, kisha hufunua daftari refu jembamba na kumsomea majina: babu yako alikuja, akatoa hiki, alikuwa na wana hawa. Chini yake ataandika jina la mgeni wa leo. Nakiri hapo huwa nawaonea wivu. Wangapi kati yetu wanaweza kutaja jina la babu wa babu yao, achilia mbali alipotia saini?

Na wanaopotea wanapotea. Familia hutembea imeshikana ncha za sari, au imejifunga kamba moja kiunoni, bibi katikati, mizigo kichwani. Kamba ikikatika, kuna kambi ya waliopotea. Raja Ram Tiwari aliianzisha mwaka 1946 akitembea na kipaza sauti cha bati, akaiendesha miaka 70 hadi kifo chake. Kutwa kucha unasikia vipaza sauti vikitangaza: mama wa fulani, kutoka kijiji fulani, unasubiriwa na mumeo. Waliokulia kwenye sinema za Kihindi hapa Dar, Mombasa na Zanzibar wanalijua jambo hili bila kujua wanalijua: wale ndugu wawili wanaopotezana utotoni katika umati wa sikukuu, mmoja akawa polisi na mwingine jambazi, hadithi yao kwa watazamaji wa India inaanzia hapa. Siku hizi nguzo za umeme zina namba na alama za kusoma kwa simu, lakini sauti ya kipaza sauti bado ndiyo inayomtuliza bibi.

Majini kwenyewe hakuna mambo mengi. Mtu anavua viatu, anaingia mpaka kiunoni, anajichovya mara tatu au zaidi, anateka maji kwa viganja na kuyamwaga akilielekea jua, anatupa sarafu. Vijana wenye sumaku zilizofungwa kwenye uzi wanazivua sarafu hizo hizo hatua chache mbele. Dumu la plastiki linajazwa la kupeleka nyumbani kwa waliobaki. Dakika tano, basi, na nyuma yako kuna foleni ya kilomita.

Siku ya kimya

Tarehe 29 Januari 2025, saa za usiku mkubwa kabla ya alfajiri ya Mauni Amavasya, maelfu walikuwa wamelala ufukweni karibu kabisa na ncha ya Sangam. Walifika mapema makusudi, wakisubiri saa njema. Nyuma yao umati uliendelea kuja, kwani nao walitaka ncha hiyo hiyo. Vizuizi vikavunjika, na waliokuwa wamesimama wakasukumwa juu ya waliolala. Serikali ilitangaza vifo 30. Miezi kadhaa baadaye BBC ilizifuatilia familia mkoa kwa mkoa na kusema ilipata vifo visivyopungua 82.

Tazama sasa tarehe nyingine. Februari 3, 1954, Kumbh ya kwanza baada ya uhuru wa India: mamia walikufa kwa kukanyagana Prayag, makadirio mengine yakifika 800. Ilikuwa Mauni Amavasya. Februari 10, 2013: watu 36 walikufa katika stesheni ya reli ya Allahabad, wengi wakiwa njiani kurudi makwao. Ilikuwa Mauni Amavasya. Hakuna mwujiza hapo wala laana. Kalenda inawaambia watu wote waje saa moja, na utakatifu wa Sangam unawaambia wote wasimame mahali pamoja, wakati ufukwe wenye maji yale yale unaendelea kwa kilomita nyingi kulia na kushoto. Maofisa hupiga kelele siku nzima kwamba ogeni popote mlipo, Ganga ni Ganga. Kwa fizikia wana haki. Kwa aliyeuza mbuzi ili apate nauli, kuoga kilomita tatu kabla ya Sangam ni kama kwenda Makka ukarudi bila kuiona Kaaba.

Kuna na sababu za kibinadamu zaidi. Baada ya 1954 Waziri Mkuu Nehru, ambaye naye alikuwapo siku hiyo, aliwasihi wanasiasa na wakubwa wasihudhurie siku kuu. Miaka 71 baadaye malalamiko yalikuwa yale yale: madaraja ya kuelea yamefungwa, njia zimetengwa kwa ajili ya wenye magari ya heshima, na mnyonge anazungushwa kilomita 10 kwa miguu mpaka anajikuta kwenye msongamano ambao hauna pa kutokea. Vibali vya wakubwa vilifutwa baada ya maafa, si kabla. Wiki mbili baadaye watu 18 wakafa katika stesheni ya New Delhi, mamia ya kilomita kutoka mtoni, wakigombania treni za kwenda Prayagraj.

Kuna jambo jingine la usiku ule lisilosimuliwa sana. Kabla ya sherehe baadhi ya viongozi wa watawa walitaka wafanyabiashara Waislamu wasipewe nafasi uwanjani. Barabara zilipofungwa baada ya mkanyagano na mahujaji wakakwama mjini kwenye baridi, Waislamu wa Prayagraj walifungua misikiti na shule zao, wakatoa mablanketi, chai na chakula.

Maji: safi au matakatifu?

Februari 2025 bodi kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi iliieleza mahakama ya mazingira kwamba vipimo vya Sangam vilionyesha bakteria wa kinyesi kupita kiwango kinachoruhusiwa kwa kuogea. Waziri mkuu wa jimbo, Yogi Adityanath, akajibu bungeni kwamba maji hayo yanafaa hata kwa kunywa. Mabishano yakawaka, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa zinajibu maswali tofauti. Kwa mwumini, Ganga ni mama, na utakaso wake hauondolewi na maji taka. Anaweza kukubali kwamba maji yamechafuka na bado akaamini kwamba yanamsafisha. Kuhara, hata hivyo, hakuulizi imani.

Wengine hutaja sayansi. Ni kweli kwamba mwaka 1896 Ernest Hankin, aliyefanya kazi Agra, aligundua kuwa maji ya Ganga na Yamuna yaliua vimelea vya kipindupindu, na baadaye ikajulikana kwamba kuna virusi wanaoshambulia bakteria. Lakini virusi hao hawajengi mtambo wa kusafisha maji taka ya miji mikubwa iliyo juu ya Prayagraj. Serikali yenyewe inalijua hilo: kila Kumbh viwanda vya ngozi vya Kanpur huamriwa kusimama, na maji ya ziada hufunguliwa kutoka mabwawa ya juu ili mto upate nguvu. Sherehe ikiisha, viwanda hurudi kazini.

Imani hiyo ya mto imefika hata kwetu. Majivu ya Mahatma Gandhi yalitiwa Sangam Februari 1948, na sehemu yake ikaletwa Jinja, Uganda, ikamwagwa pale Mto Nile unapoanza safari. Sanamu yake iko hapo hadi leo. Wahindu wa Nairobi na Dar es Salaam wenye uwezo bado husafirisha majivu ya wazee wao mpaka Ganga.

Ukitaka kwenda

Si lazima uwe Mhindu. Ushauri wa kwanza unatokana na yote yaliyotangulia: zifahamu siku kuu ili uzikwepe. Siku mbili kabla na siku mbili baada ya kila josho kuu ziepuke pia, kwani ndipo stesheni hufurika. Kama lengo ni kuona watu, imani na mji wa mahema, Magh Mela ya mwaka wowote, mwezi wa Januari, inatosha kabisa, na utapata nafasi ya kuzungumza na kalpavasi akiwa hana haraka. Jiandae kutembea sana, kwa kuwa magari huzuiwa mbali. Beba sweta zito. Ukungu wa Januari huchelewesha treni saa nyingi. Andika namba ya simu ya mwenzako kwenye karatasi, maana mtandao huzidiwa. Usipige picha wanawake wanaooga, na Naga mwulize kwanza. Wengine watataka sadaka, wengine watakufukuza, ni haki yao. Anayetoka Kenya au Uganda asisahau cheti cha homa ya manjano.

Zamu inayofuata ni ya Nashik na Trimbak mwaka 2027, kisha Ujjain 2028. Ya Ujjain huwa Aprili na Mei, joto likipita nyuzijoto 40. Ya Nashik, majosho yake makuu huwa Agosti na Septemba, mvua zikiwa bado zinanyesha, na Ramkund ni birika la mawe katikati ya mji, limezungukwa na vichochoro. Watu 39 walikufa huko mwaka 2003 njia ilipojaa. Prayagraj angalau mto huipisha na kuiachia uwanja wa kutandaza mahema. Nashik haina uwanja huo.